Homa ya Mafua Iliyorudi Siku za Barafu

Nimepona. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua baadhi yenu mtasoma haya mkiwa kitandani, simu mkononi, mnatafuta mtu wa kuwaambia mwisho wake ulikuwaje. Mwisho wake nilipona, alhamdulillah. Haikuwa upesi, wala sikupona kama nilivyodhani mtu hupona. Lakini niko hapa, naandika kwenye meza ya jikoni kwangu Arlington, na chai yangu ina ladha ya chai.

Walionisukuma kuandika ni kina mama wenzangu wa Kitanzania wa huku Dallas. Kila msimu wa mafua ukikaribia, kuna atakayenipigia: ana mgonjwa ndani, au mgonjwa ni yeye. "Mwanaidi, wewe ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Habari za virusi na mapafu muulizeni daktari. Mimi ni mtu wa ofisini, napanga safari za mizigo ya watu kwenye kompyuta. Nitasema yaliyonipata, basi.

Nianze na chanjo, maana ndiyo swali la kwanza la kila mtu. Ndiyo, nilichanja. Nachanja kila mwaka, joto la Texas likianza kulegea, kwenye duka la dawa lililo ndani ya lile duka la vyakula ninakonunua mchele. Mwaka ule pia nilikwenda. Mkono uliniuma, nikalalia upande wa pili, kesho yake nikasahau. Na bado niliugua nusura nife. Nayasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu yote mawili ni kweli, na watu wengi wanaponiuliza wanataka nichague moja.

Ilikuwa Januari, siku ya Ijumaa. Sikupiga chafya wala kuwashwa koo. Ilianzia magotini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu ofisini nikahisi kama mtu amenifungulia friji miguuni. Kufika mchana, ngozi ya kichwa ilikuwa inauma, nikigusa nywele nasikia maumivu. Nikaendesha gari kurudi nyumbani meno yakigongana, malori yananipita pande zote, nikiomba tu nifike.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na binti yangu Nasra, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Mume wangu, Salum, alikuwa dereva wa malori makubwa ya safari ndefu, na wiki ile alikuwa majimbo ya kaskazini. Nasra amekulia huku. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoea.

"Mwanangu, usiingie chumbani kwangu," nikamwambia. "Niachie maji mlangoni."

"Okay, Mom. You look terrible."

Kesho yake Njeri alinipeleka zahanati. Njeri ni jirani yangu, anakaa ghorofa ya chini yetu, Mkenya, nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tumeazimana chumvi na vitunguu miaka mingi, na watoto wa jengo zima wanamwita Auntie. Alivaa barakoa, akafungua madirisha yote ya gari na baridi ile, akanikalisha nyuma.

Chumba cha kusubiria kilijaa. Watu tumeachiana kiti kimoja kimoja, kila mtu na barakoa yake, macho yamelegea. Kuna mtoto alikuwa akilia bila sauti, sauti ilikwisha, mdomo tu unafunguka. Ukutani televisheni isiyosikika inaonyesha mwanamume anakaanga samaki. Niliegemeza kichwa ukutani nikamtazama yule samaki anageuzwa, akageuzwa tena, na nikawaza kwamba sitakula tena maishani mwangu.

"Mama Nasra, usilale," Njeri akaniambia. "Wataita jina na hutasikia. Hebu kaa wima kidogo tu."

Waliniingiza kijiti puani, kikapanda mpaka nikadhani kimegusa mawazo yangu. Majibu yakaja: homa ya mafua. Nikaandikiwa dawa za kutuliza virusi. Duka la kwanza dawa zimekwisha, la pili zimekwisha, Njeri akazunguka mji mpaka akazipata, akapanda nazo juu jioni, pamoja na chungwa lililomenywa.

Siku zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka shuka limelowa. Nakumbuka hodi ya Nasra mlangoni na sahani inawekwa sakafuni. Alijifunza kupika chai wiki ile. Maziwa mengi kupita kiasi, iliki hakuna. Niliinywa yote. Alikuwa anakaa sakafuni upande wake wa mlango, mimi kitandani upande wangu, ananisomea vichekesho kutoka kwenye simu yake, na hatuonani.

Ninaye mdogo wangu, Zuhura, anakaa Pearland, kusini ya Houston, nesi katika mojawapo ya zile hospitali kubwa za mjini. Kutoka kwangu mpaka kwake ni asubuhi nzima barabarani. Wakati ule alikuwa mjamzito, na mimba ile ilikaa baada ya nyingine mbili kuharibika. Akanipigia.

"Dada, nakuja."

"Ukija sikufungulii mlango."

"Nimeshapanga nguo."

"Zipangue. Zuhura, wallahi sikufungulii."

Akaanza kulia. "Kila siku naosha watu baki, nawalisha, nawageuza. Dada yangu mwenyewe nimtazame kwenye simu?"

Alikuwa na uwezo wote, na ule uwezo haukuweza kutoka Pearland.

Kisha nikapata nafuu. Hapa ndipo naomba usome polepole, hasa kama una mgonjwa. Homa ilishuka. Nikaoga, nikabadilisha shuka, nikala wali na mchuzi aliouleta Njeri. Nikatoka sebuleni nikakaa na Nasra, kila mtu kwenye kochi lake, tukatazama filamu ya kipuuzi tukacheka. Akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa kabisa. Salum alipopiga nikamwambia na yeye asiwe na wasiwasi. Niliamini hivyo. Kila mtu aliyewahi kuumwa mafua angeamini hivyo.

Barafu ikaja kesho yake. Wenzetu wa kaskazini wana theluji na magari ya kuifagia. Sisi huku Texas tunapata mvua inayoganda ikigusa barabara. Tuliamka tukakuta miti imevaa vioo, matawi yanakatika kwa sauti kama bunduki, magari kwenye maegesho yamefunikwa tabaka moja gumu. Shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, zahanati imefungwa. Mji huu hata mkate ukiutaka lazima uwashe gari. Gari likishindwa, uko kisiwani.

Na siku hiyohiyo homa ikarudi.

Haikuwa ileile. Safari hii kulikuwa na kitu chini ya mbavu za kulia, kila nikivuta pumzi kinanibana kama koleo. Makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Nilijaribu kwenda jikoni nikaishia kwenye korido, nimeshika ukuta, nasubiri pumzi inifikie. Nikamwita Nasra, sauti haikutoka. Ndiyo maana namwambia kila anayenipigia: ukipata nafuu kisha homa na kikohozi vikarudi, usingoje kesho. Hilo tu ndilo ninaloweza kukufundisha, na mimi mwenyewe sikulijua.

Nasra alinikuta koridoni. Akampigia Zuhura kwa video. Zuhura akaniambia, "Dada, hesabu mpaka kumi kwa pumzi moja." Sikufika hata nusu. Akaacha kunisemesha mimi.

"Nasra, msogeze mama dirishani kwenye mwanga. Mtazame midomo. Ina rangi gani?"

Nasra akanitazama. "It's like... gray, Auntie. Kind of blue."

"Piga simu ya dharura sasa hivi. Mimi sikati, tumia simu ya mama."

Nikamsikia mwanangu anataja jina langu, umri wangu, jengo letu, nambari ya mlango. Sauti ilikuwa ya mtu mzima nisiyemjua. Hakutetemeka. Nilitamani atetemeke.

Gari la wagonjwa lilichelewa. Walituambia wazi: barabara hazipitiki, wanakuja polepole. Ulikuwa mchana mweupe, jua linang'aa juu ya barafu mpaka linaumiza macho, na hakuna kitu kinachotembea nje. Njeri alipanda ngazi ameshika reli kwa mikono miwili, soksi nene juu ya viatu asiteleze. Akanikalisha wima, akaegemeza mgongo wangu kifuani kwake.

"Aki, pumua na mimi. Taratibu. Unaona mimi navyopumua? Fanya hivyo."

Alikuwa nesi, na hakuwa na chochote mkononi. Hakuna oksijeni, hakuna dawa, ni kifua chake tu kinapanda na kushuka nyuma yangu. Nilihisi moyo wake unakwenda mbio, ingawa sauti yake ilikuwa imetulia.

Walipofika walikuwa na viatu vyenye meno ya chuma. Njeri alishuka mbele yao anamwaga chumvi ya jikoni kwenye kila ngazi, mfuko mzima, yake na yangu. Wakanibeba kwenye kiti. Nasra alikuja nyuma amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na begi la shule mgongoni. Sijui alikuwa ameweka nini ndani.

"I'm going with her," akawaambia.

"Sweetheart, you can't."

"She can't talk. Somebody has to talk for her."

Wakamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Mimi nilikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, sikuweza kusema lolote. Niliinua mkono. Hata leo sijui aliuelewa vipi ule mkono, kama kwaheri au kama njoo. Milango ikafungwa, Njeri amemshika mabega.

Hospitalini vitanda vilijaa, nikawekwa kwanza koridoni, kando ya ukuta, watu wanapita. Baadaye nikapata chumba. Waliniwekea mashine inayosukuma hewa kwa nguvu puani na mdomoni. Kama hujawahi kuvaa mashine ile, ni kama kutoa kichwa dirishani gari likienda kasi, na huruhusiwi kukirudisha ndani. Nilitaka kuing'oa, na nilijua nikiing'oa nitakufa.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Akanieleza kwamba mafua yalifungua mlango na nimonia ikaingia. Akasema, pumzi zangu zikichoka zaidi watanilaza usingizi, waniingize mpira kooni, mashine inipumulie. Akauliza kama nakubali. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza nani ataamua kwa niaba yangu nikilala. Nikaandika jina la Salum kwa kidole hewani, nesi akanielewa, wakampigia.

Salum alikuwa amekwama kwenye kituo cha malori, theluji imefunga barabara kuu. Nesi akanishikia simu sikioni.

"Mama Nasra."

Nikagonga simu kwa ukucha, ajue nasikia.

"Wamenieleza. Mama Nasra, nifanye nini? Mafuta yamejaa, usingizi nimelala, barabara wameifunga. Nimewasihi. Askari kaniambia nikigusa kizuizi ananikamata. Nifanye nini, niambie."

Nikagonga tena. Sikuwa na kingine.

Huyu ni mwanamume ambaye miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akilia, hata alipomzika baba yake kwa njia ya simu. Alilia. Nyuma yake nilisikia injini ya lori inaunguruma, aliiacha inawaka asigande. Baadaye akajikohoza, akaanza kunisomea Yasin. Aliisoma yote. Anapokosea anarudi nyuma, anaanza tena aya. Yule nesi hakujua ni nini kinachosomwa, na alikuwa na wagonjwa wengine wanamsubiri, lakini alisimama pale ameinama, mkono wake na simu sikioni mwangu, mpaka mwisho. Nimejaribu kukumbuka sura yake nimeshindwa. Nakumbuka saa yake ya mkononi, mkanda wa zambarau.

Watu huniambia nilipigana. Sikupigana na chochote. Nililala pale. Pumzi zilikuja au hazikuja, na aliyekuwa anaamua si mimi. Daktari alikuja mlangoni akanitazama, akatazama mashine, akaondoka. Akaja tena. Nilijua anapima kama wakati wa mpira umefika. Nilifikiria ujumbe wa kumwachia Nasra, nikagundua kila ninachokifikiria ni vitu vidogo: gesi aizime, ile sweta yake isifuliwe kwa maji ya moto. Mambo makubwa hayakuja.

Mpira haukuwekwa. Sijui kwa nini. Dawa za mshipani zilifanya kazi, au mwili ulifanya, au Mungu aliamua. Kulipokucha tarakimu za oksijeni zilikuwa zimepanda kidogo, na daktari akaguna namna ya mtu anayeridhika lakini hataki kuahidi.

Siku iliyofuata alikuja mhudumu, mama mtu mzima, na beseni na taulo za moto. Akaniosha uso, shingo, mikono, halafu miguu, kidole kimoja kimoja, kama anayeosha mtoto. Nililia mpaka barakoa ikajaa ukungu. Alipoondoka niligusa ukuta nikatayamamu, nikasali kwa macho.

Barafu iliyeyuka, Salum akafika. Aliingia chumbani na ndevu za wiki, ananuka dizeli, akasimama miguuni pa kitanda bila kunigusa, kama anaogopa nitavunjika. Njeri alifika na Nasra na chupa ya uji wa ulezi. Nasra aliangalia kwanza mashine, kisha mimi.

"What's her oxygen?" akamuuliza nesi. Hakunisalimia.

Nilirudi nyumbani Februari, na hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa mrefu. Hospitali ina watu na kengele. Nyumbani kuna ngazi. Salum alinipandisha kwa kunisukuma mgongoni, tunapumzika kila hatua chache, majirani wanatupita wanajifanya hawaoni. Misuli ya miguu ilikuwa imeisha, mashavu ya miguu yamekuwa fimbo. Pete ilinidondoka nikinawa. Nikikata vitunguu nakaa. Nikiongea sentensi ndefu nakatika katikati. Chakula chote kilikuwa na ladha ya sarafu.

Machi, yale maua ya buluu ya pembeni mwa barabara kuu yalipochanua, na watu wakawa wanasimamisha magari kuwapiga picha watoto wao, nywele zangu zilianza kutoka. Daktari alisema homa kali hufanya hivyo, na zitaota tena. Kuambiwa ni jambo moja, kuokota mafungu ya nywele zako kwenye mto ni jingine. Mama yangu Tanga alinipaka nywele zile mafuta ya nazi tangu nikiwa siwezi kutembea. Nikamwita Salum kibarazani, nikampa mashine yake ya kunyolea.

"Una hakika?"

"Nyoa kabla sijabadili mawazo."

Alininyoa taratibu, akipuliza nywele shingoni. Alipomaliza akanibusu utosini, akasema nimefanana na kaka yangu. Tulicheka. Nasra alikuwa nyuma ya mlango wa kioo anatutazama. Hakucheka. Akageuka akaenda chumbani kwake.

Nasra ndiye nisiyemweza. Kila mtu alikuwa amerudi mahali pake isipokuwa yeye. Aliacha bendi ya shule, akasema mazoezi yanachelewa kwisha. Alikuwa na kile kifaa kidogo cha kubana kidole kupima oksijeni, anakitembeza mfukoni. Niliamka alfajiri kuswali nikamkuta amesimama mlangoni ananisikiliza nikipumua. Nikimwambia akalale, anasema anakwenda kunywa maji.

Siku moja nilikuwa nakaanga pilipili, moshi ukanipalia, nikakohoa. Alitoka chumbani anakimbia, kifaa mkononi.

"Ni pilipili tu, mwanangu."

"Give me your finger."

"Nasra, niko sawa."

"Don't say that!" Akapiga meza. Halafu, mtoto huyu ambaye Kiswahili anakisikia tu, akakisema, kimekatika katika, kila neno analitafuta. "Ulisema hivyo. Ulisema uko sawa kabisa. Tukacheka. Halafu midomo ikawa buluu."

Nilizima jiko. Nikampa kidole. Tukasimama tunasubiri tarakimu zije. Sikuwa na neno la kumwambia ambalo lisingekuwa lilelile nililomwambia kwenye kochi.

Zuhura alijifungua Aprili, mtoto wa kike, mzima. Tulikwenda Pearland. Bado nilikuwa na kikohozi kikavu, na daktari alishanihakikishia hakiambukizi. Nilijua hivyo kichwani. Lakini nilipofika sikuweza kuingia ndani. Nilikaa barazani nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki. Zuhura akatoka na mtoto.

"Dada, mshike."

"Ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Mimi nesi, nakwambia mshike."

Sikumshika. Hakunilazimisha. Alivuta kiti akakaa kando yangu, anamnyonyesha, tukaongea mambo ya Tanga mpaka jua likahama. Mtoto akapiga chafya, na mwili wangu wenyewe ukasimama ukasogea mbali kabla sijaamua. Zuhura alitazama pembeni. Nilimshika mtoto yule kwa mara ya kwanza akiwa ameshaota jino.

Oktoba ikafika, na chanjo nayo. Salum kwa wakati huo alikuwa ameacha safari ndefu, anaendesha hapahapa kati ya Dallas na Fort Worth, jioni yuko nyumbani. Hakulalamika, ila nilimwona anavyotazama malori yanayoelekea kaskazini. Nilipomwambia twende tukachanje, akaweka kikombe chini.

"Wewe ulichanja ukaumwa. Mimi sijawahi kuchanja, sijaumwa. Nieleze hapo."

"Daktari alisema huenda bila ile chanjo ningezidiwa zaidi."

"Huenda."

"Huenda. Hakuna wa kunionyesha Mwanaidi mwingine ambaye hakuchanja, nikamtazama alivyokuwa."

"Basi unakwenda kwa kubahatisha."

"Nakwenda kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kufanya, baba Nasra. Vingine vyote nimeshaona siviwezi."

Alichukua funguo za gari.

Kwenye duka la dawa kulikuwa na viti vitatu nyuma ya pazia, na mfamasia kijana. Salum alikuja anasukuma toroli la vyakula, akaliacha, akakaa kiti cha kwanza akakunja mkono wa shati. "Si kwamba nimeamini," akaniambia. "Sitaki tu iwe mimi niliyewaletea ndani." Akachomwa akitazama dari. Nikafuata mimi. Akabaki Nasra.

Nasra alimuuliza mfamasia, kwa kile Kiingereza chake cha mtu mzima, kama hii inahakikisha mama yake hataumwa tena. Yule kijana angeweza kumdanganya. Alimwambia hapana, haihakikishi. Inasaidia, ila haihakikishi.

Nasra akanigeukia. "So what do I do? If it happens again, what am I supposed to do?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo miezi yote. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake, magoti yakalia.

"Utalia," nikamwambia. "Baba yupo, kupiga simu atapiga yeye. Oksijeni atatazama Njeri. Wewe utakaa kwa Njeri, utalia mpaka uchoke, atakupa chapati. Hiyo ndiyo kazi yako. Nyingine huna."

Alinitazama. Kidevu kikaanza kucheza, akakibana, kikamshinda. Akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, watu kwenye foleni ya dawa wanageuka, Salum amemshika kichwa kwa kiganja kimoja. Mfamasia, ambaye alikuwa ameshamaliza kumchoma bila sisi kuona, alishtuka, akadhani ni sindano. Akamwomba radhi, akafungua droo, akaacha zile plasta za kawaida akachagua ya watoto wadogo, ya rangi ya chungwa, yenye picha za kobe wamevaa kofia, akambandikia begani na kumpapasa mara moja juu yake.

Nasra hakuikataa.